Mbao za Julai, fedha za korosho: Seremala wa Masasi na Newala anunue nini, na lini

Na Mwandishi Wetu, Newala

FEDHA za korosho zikianza kuingia, tangu minada inapofunguliwa Oktoba hadi kwenye Desemba na Januari, ni nadra kumkuta fundi seremala wa Masasi au Newala amekaa bure. Aliyelala kwenye kitanda cha kamba mwaka mzima sasa anataka cha sita kwa sita. Aliyejenga nyumba akaziba mlango kwa bati kuukuu anataka mlango wa paneli. Kuna anayeoza binti na anahitaji kabati. Na kila mmoja anataka kazi yake ndani ya wiki mbili, kabla fedha hazijapata matumizi mengine.

Shida ni kwamba msimu huo wa fedha ndio pia mwanzo wa masika ya kusini. Mvua huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Fundi ambaye hana akiba ya mbao kavu hukimbilia kwa muuza mbao na kuchukua zilizopo, ambazo mara nyingi zimepasuliwa majuzi, na nyingine bado zinanuka utomvu. Anaranda, anaunganisha, anapaka vanishi, anakabidhi. Mteja anafurahi hadi Juni.

Mwandishi wa makala haya yalimkuta. Nilitengenezewa mlango mwezi Januari, mninga mzuri wenye rangi ya kuvutia, na siku ya kuufunga ulikaa kwenye fremu kama kifuniko cha kopo. Kufika Agosti paneli zilikuwa zimesinyaa hadi mwanga unapita pembeni, na ulimi mmoja ulikuwa umechomoka kwenye tundu lake. Fundi alisema mbao zilikuwa nzuri. Kweli zilikuwa nzuri, ila zilikuwa mbichi.

Kwa hiyo, kabla ya kuzungumzia randa na patasi, tuzungumzie kalenda. Fundi wa uwanda wa Makonde anayetaka jina hununua mbao Juni au Julai, wakati mkulima yuko kwenye kupulizia salfa mikorosho na hakuna anayefikiria kabati. Kuanzia hapo hadi Oktoba kuna kiangazi na upepo mkavu. Ubao wa unene wa inchi moja, ukipangwa vizuri kivulini kwa miezi mitatu au minne, unakuwa tayari kwa kazi. Wa inchi mbili unahitaji muda mrefu zaidi, na fundi makini hununua wa fremu mwaka mmoja kabla.

Kupanga vizuri maana yake si kuegemeza mbao ukutani. Weka matofali au magogo mafupi ili rundo liwe juu ya ardhi angalau futi moja, kwa sababu mchwa wa huku hawana subira. Kati ya tabaka na tabaka weka vijiti vikavu vya unene wa inchi moja, kila baada ya futi mbili, na kila kijiti kikae juu kabisa ya kijiti cha chini yake. Vijiti vikipishana, mbao hupinda na hazinyooki tena. Ncha za mbao zipake rangi ya mafuta iliyobaki au nta, maana ncha hukauka haraka kuliko katikati na ndipo nyufa zinapoanzia. Juu ya rundo weka mawe mazito, kisha funika kwa bati au makuti, lakini pembeni acha wazi upepo upite. Jua la moja kwa moja hupasua mbao.

Utajuaje kwamba ubao umekauka? Wapo mafundi wanaogonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, na wapo wanaoweka ubao shavuni kusikia kama ni wa baridi. Njia hizo zinasaidia kwa mwenye uzoefu. Njia ya uhakika zaidi ni mizani. Kata kipande cha futi moja kutoka katikati ya ubao, si kwenye ncha, ukirudishe kwenye rundo, na kila wiki ukipime kwenye mizani ya dukani, ile ya sukari. Uzito utashuka wiki baada ya wiki. Ukiona wiki mbili au tatu mfululizo haushuki tena, mbao zimefikia ukavu wa hewa ya hapo.

Mti gani kwa kazi gani

Ubao hausinyai kwa urefu, au husinyaa kidogo mno usioonekana. Husinyaa kwa upana. Ubao wa paina wa inchi nane, ukitumika mbichi kabisa, unaweza kupungua robo inchi au zaidi kwa upana ukishakauka, na paneli nne za namna hiyo zinaacha pengo la kupitisha kidole. Mninga ni tofauti: husinyaa kidogo kuliko miti mingi, hutulia ukishakauka, huranda vizuri, na kiini chake hakiliwi ovyo na mchwa. Ndiyo maana kusini yote inaupenda kwa milango na vitanda. Lakini sifa hiyo ni ya kiini, ile sehemu ya kahawia. Sehemu nyeupe ya nje huliwa na bungua, na ukiona unga mwepesi chini ya kitanda kipya cha mninga, angalia kama fundi hakukupigia mbao zenye weupe kwa ndani ambako hukuangalia.

Kwa fremu za milango na madirisha, mti bora ni mkongo, ambao watu wa Pwani wanauita mbambakofi. Ni mzito na mgumu, unavumilia mvua na mchwa kwa miaka mingi. Ugumu wake unahitaji adabu: usipigilie msumari bila kutoboa kwanza kwa kekee au drili, na skrubu ipake sabuni ya kipande kabla ya kuikaza, la sivyo itakatika shingo.

Mtiki wa kupandwa umeenea siku hizi, lakini mnunuzi awe macho. Mtiki uliovunwa mchanga una weupe mwingi na kiini kidogo, na weupe wa mtiki hauna uimara unaousikia ukisifiwa. Ukinunua mtiki, lipia kiini.

Paina inatoka mbali, mashamba ya Sao Hill kule Mufindi yakiwa maarufu zaidi, na ndiyo inayopaua nyumba nyingi za bati. Kwa kenchi inafaa, mradi imetiwa dawa ya mchwa. Hapa kuna ujanja wa mjini. Mbao zilizotiwa dawa kwa mtambo wa mgandamizo hunywa dawa hadi ndani, na nyingine huchovywa tu kwenye pipa zikapata rangi ya kijani juujuu. Omba muuzaji akate ncha ya ubao mmoja mbele yako, nusu futi hivi. Rangi ikiwa imeishia kwenye ngozi, unauziwa rangi. Na popote utakapokata ubao wa dawa, paka dawa upya kwenye ncha hiyo. Vipande vinavyobaki visiingie jikoni. Baadhi ya dawa hizo zina aseniki, ambayo ni sumu, na moshi na majivu yake haviendani na chungu cha ugali.

Vipi kuhusu mkorosho wenyewe? Mikorosho mizee inang'olewa kupisha miche bora inayotoka kwenye utafiti wa Naliendele, na wakulima wengi wanauliza kama magogo yake yanaweza kuwa mbao. Yanaweza, kwa masanduku, vigoda na mbao za kumwagia zege. Kwa mlango au kitanda, hapana. Ni mti mwepesi unaoshambuliwa upesi na wadudu, na vivyo hivyo mwembe, ingawa wapo wanaouza mbao za mwembe zilizopakwa rangi ya kahawia kama mninga. Kwaruza kwa kisu mahali pasipoonekana kabla ya kulipa.

Vifaa vichache, vikali

Anayeanza kazi hii na mtaji mdogo anashawishika kununua sanduku zima la vifaa vya bei rahisi, patasi kumi na mbili kwenye mfuko wa plastiki. Asinunue. Patasi tatu zinatosha kwa miaka miwili ya mwanzo: ya robo inchi, ya nusu inchi na ya inchi moja. Aongeze randa moja ya chuma ya urefu wa kati, ile inayojulikana kama namba 5, msumeno wa kupasulia, msumeno mdogo wenye mgongo wa chuma kwa kukatia ndimi, skwea, tepu, nyundo, kinoo chenye pande mbili, na vibanio vinne vya kubana kazi iliyopakwa gundi. Vibanio ndivyo wengi wanaviacha, kisha wanabana kwa kamba na mawe na kushangaa kwa nini kabati limekaa upande.

Dukani, usiangalie rangi ya mpini. Chukua tupa ndogo, gusa nayo ncha ya patasi. Tupa ikiteleza, chuma kimekomazwa. Ikishika na kukwaruza kwa urahisi, chuma ni laini na makali hayatadumu hata kwenye paina, achilia mbali mkongo. Randa igeuze, weka rula ya chuma kwenye tumbo lake ukielekeza kwenye mwanga: mwanga ukipita katikati, tumbo si sawa, na utalazimika kulisugua kwenye msasa uliotandazwa juu ya kioo kwa saa nyingi kabla haijafanya kazi. Msumeno ukunje kidogo uachie. Ukirudi ukanyooka, ni mzuri.

Kuhusu misumeno, lipo jambo ambalo limewagharimu vijana wengi. Misumeno mingi ya sasa yenye mpini wa plastiki ina meno yenye rangi ya bluu au nyeusi kwenye ncha. Meno hayo yamekomazwa kiwandani na hayanoleki kwa tupa. Ni makali sana mwanzoni, lakini yakiisha yameisha, unatupa. Fundi wa mjini mwenye kazi nyingi hahesabu hasara hiyo. Fundi wa kijijini, ambaye duka lenye misumeno mizuri liko mbali, afadhali atafute wa aina ya zamani unaonoleka kwa tupa ya pembe tatu, ajifunze na kukunja meno yake moja kulia moja kushoto, na atakaa nao miaka.

Kunoa ndiyo nusu ya useremala, na ndiyo sehemu inayofundishwa kwa haraka kuliko zote. Makali ya patasi na ya randa husagwa kwa pembe ya digrii 25 hivi, kisha humaliziwa kwenye kinoo kwa digrii 30. Anayenoa kwa mkono asijali sana namba. Ajali kwamba pembe haibadiliki kila anapovuta. Paka ncha wino wa kalamu ya maka, noa mara tatu, angalia wino umeondoka wapi, na utajua unakosea wapi. Endelea mpaka uhisi kwa kidole kijiwimbi cha chuma upande wa pili, kisha laza patasi chali kabisa kwenye kinoo ukiondoe. Makali yaliyo tayari hunyoa malaika ya mkono.

Mashine za umeme zinaokoa muda, hasa randa ya mkono ya umeme na msumeno wa duara. Kwa miti yetu migumu nunua blade yenye meno ya kabaidi, maana ya chuma cha kawaida itakufa kwa siku chache. Lakini mashine haikaushi mbao. Nimeona karakana zenye mashine tatu zikitoa milango inayopinda, na mzee mwenye randa moja ambaye wateja humsubiri miezi miwili.

Katika kuunganisha, kosa linaloharibu milango mingi ya paneli ni kuziganda paneli kwa gundi au misumari. Paneli inapaswa kukaa huru ndani ya mfereji wa fremu yake, bila gundi, na nafasi ya kama milimita tatu kila upande ili isinyae kiangazi na kuvimba masika. Gundi iende kwenye ulimi na tundu tu, na ulimi uwe na unene wa theluthi moja ya ubao. Gundi nyeupe ya kawaida ni ya kazi za ndani, na mlango unaopigwa na mvua utafutiwe gundi isiyoogopa maji.

Mpingo na jina la Wamakonde

Huwezi kuandika habari za mti na chuma hapa Newala bila kugusa uchongaji. Mtafiti Mjerumani Karl Weule alipofika Masasi na Newala mwaka 1906, miongoni mwa vitu alivyobeba kupeleka Leipzig ni barakoa za ngomani za Wamakonde. Barakoa hizo huchongwa kwa mti mwepesi, kwa sababu mchezaji huivaa na kucheza nayo. Mpingo, ambao leo dunia nzima inauhusisha na Mmakonde, ni mzito kiasi kwamba kipande kikitupwa majini kinazama. Ulitawala baadaye, biashara ya vinyago ilipokua Dar es Salaam na wachongaji wengi wakahamia huko. Kijiji cha Mwenge ni shahidi.

Mchongaji wa mpingo hafuati kanuni ya seremala. Yeye huanza mti ukiwa bado mbichi, kwa sababu ukikauka chuma hukataa. Tezo na patasi zake nyingi hufuliwa na mhunzi kutoka kwenye springi za gari, chuma kinachopokea makali na kuyashika. Akishapunguza umbo kubwa, huliacha likauke taratibu sana kivulini, likiwa limepakwa nta au limefungwa kwenye gunia, na wiki kadhaa baadaye humalizia kwa tupa na msasa. Anayeharakisha huuza kinyago kitakachopasuka ndani ya sanduku la mtalii. Na mnunuzi mwenzangu, kinyago chepesi chenye weusi unaotoka kwenye kitambaa chenye maji ni mti mwingine uliopakwa rangi ya viatu.

Mti huu hukua kwa miaka 70 hadi 100 kabla ya kufaa kuvunwa, na viwanda vya Ulaya vinautaka kwa klarineti na oboe. Tangu Januari 2017 mpingo uko chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES pamoja na jamii yake yote. Mwaka 2019 masharti yalilegezwa: ala za muziki zilizokamilika, na bidhaa zilizokamilika ambazo mbao yake haizidi kilo 10 kwa shehena, ziliondolewa kwenye vibali vya mkataba huo. Mchongaji anayeuza kwa watalii anapaswa kulijua hilo. Mninga na mkongo nao waliingizwa kwenye orodha hiyo katika mkutano wa Panama wa Novemba 2022, kwa hiyo anayefikiria kuvusha mbao mpakani aanze na karatasi.

Karatasi zinahitajika hata ndani ya nchi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inahitaji leseni ya uvunaji na hati ya kusafirishia, na gogo halali hugongwa nyundo ya serikali. Wapo wanaoona huo ni usumbufu. Hata hivyo, kusini tunakumbuka yaliyotokea baada ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, malori ya magogo yalipokuwa yakipanda kwenda Dar es Salaam usiku na mchana. Ripoti ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2007 ilikadiria kwamba hadi asilimia 96 ya mapato yaliyostahili kukusanywa na serikali kutokana na magogo hayo yalipotea. Upande wa pili wa sarafu uko Kilwa, ambako misitu ya vijiji ilipata cheti cha FSC mwaka 2009 na vijiji vikaanza kuuza mbao zao wenyewe kwa bei wanayoijua.

Kwa fundi mdogo, hatari iko karibu zaidi. Mbao zisizo na hati zikikamatwa karakanani, anayepoteza ni yeye, na malipo ya awali ya mteja yamo humo humo. Omba nakala ya hati na risiti kila unaponunua, uitunze mpaka kazi itakapotoka.

Mtaji wa Julai utoke wapi

Hesabu ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Tuseme ubao ni shilingi 10,000 mwezi Julai, na Desemba, kila mtu anapotaka, unafika 13,000. Fundi anayehitaji mbao 30 analipa 300,000 au 390,000. Tofauti ya 90,000 inatosha kununua vibanio. Na hapo hatujahesabu mlango mmoja uliorudishwa, ambao unakula mbao mpya, siku tatu za kazi, na wateja wawili waliosikia habari.

Ugumu ni kwamba Julai fundi hana fedha, kama mkulima. Wapo wanaotatua kwa kupokea oda mapema: mkulima mwenye akiba kidogo analipia mbao tu mwezi Juni, zinapangwa zikiwa na jina lake, na ufundi analipa korosho zikiuzwa. Mkulima anapata bei ya kiangazi na anaziona mbao zake zikikauka. Andikeni makubaliano hayo, idadi na aina ya mbao, na mashahidi wawili. Vikundi vya vijana na wanawake vinaweza kuomba mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. SIDO na VETA wana ofisi Mtwara. Ndanda, ambako Wabenediktini walifika mwaka 1906, kuna desturi ndefu ya karakana na useremala, na kijana wa Masasi anayetaka kujifunza kunoa ipasavyo hana sababu ya kwenda mbali kuulizia.

Mlango wangu niliutengenezesha upya kwa mbao zilezile, miaka miwili baadaye, zikiwa sasa zimekauka bila mtu kuzipanga. Fundi wa pili alizichomoa paneli, akaongeza ukingo wa inchi moja, akaziacha huru kwenye mfereji. Masika hukaza kidogo chini, na nimeambiwa nisiurande mpaka Agosti.